Re: Nimemaliza rasilimali watu Mzumbe, hapa Nairobi naanzia wapi?

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu mambo vipi. Nimeletwa Nairobi na ndoa, huu ni mwezi wa nne tangu nije, mume wangu yeye yupo kazini huku muda. Nina digrii ya rasilimali watu (HR) ya Chuo Kikuu cha Mzumbe, kwetu Tanzania, na fildi nilifanya halmashauri miezi miwili tu. Nimetuma CV kama arobaini hivi hakuna hata mmoja aliyejibu. Mmoja ananiambia nifanye mastazi kwanza, mwingine kozi za mtandaoni, mwingine anasema bila mtu wa kukushika mkono kwenye HR huingii. Naombeni msaada jamani, kukaa ndani kunaniumiza.

Mdogo wenu, Pipeline

---

Marahaba mdogo wangu, na pole, najua inavyokuwa maana na mimi nilikaa ndani miezi tisa hapahapa South B naangalia jua linavyopanda ukuta wa jirani. Mastazi acha kwanza. Digrii unayo, kinachokosekana ni kazi ambayo meneja akikupa saa hizi unaifanya bila kushikiwa, na huku Nairobi kwa anayeanza kazi hizo ni mbili, peiroli, yaani hesabu za mishahara, na sheria ya kazi. Sheria ya hapa lakini, sio ya nyumbani Tanzania.

Peiroli nasema kwa sababu kampuni ndogo ndogo za Industrial Area na Baba Dogo haziajiri HR kwa ajili ya mikakati, zinaajiri kwa sababu mshahara wa mwezi uliopita ulikosewa na watu wamejaa mlangoni. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi 30,000. Kwa viwango vya 2025 SHIF, makato ya bima ya afya, ni 2.75%, hapo 825. Hausingi levi, tozo ya nyumba, 1.5%, hapo 450, na mwajiri anatoa 450 yake. NSSF, ya pensheni, 6%, hapo 1,800, na mwajiri 1,800 yake. Hizo tatu ukishaziondoa ndio unapiga PAYE, kodi ya mshahara, na baada ya relifu, yaani punguzo la kodi, inatoka 731 na senti, mtu anaenda nyumbani na 26,193. Piga hesabu hiyo kwa mkono kabla hujaingia kwenye Excel, mpaka uweze kumweleza mtu aliyesimama mbele yako na slipu ya mshahara mkononi anauliza hela yake imekwenda wapi, maana huyo atakuja, na atakuja kila mwezi. Na tarehe 9 ya mwezi unaofuata iandike ukutani, PAYE na SHIF zisiipite.

Sheria sasa. Ya hapa ni Employment Act ya 2007, ipo bure kwenye tovuti ya Kenya Law, ishushe leo hii. Usiisome kama ya mtihani, isome ukiiweka pembeni ya ile yetu ya 2004 kwa sababu yetu imekaa kichwani na ndiyo itakayokuponza. Kwetu likizo ni siku 28 za mfululizo, hapa ni 21 lakini za kazi, kwa hiyo usiseme hapa ni chache. Kuugua ndio kuna shimo kubwa, kwetu mtu ana hadi siku 126 ndani ya miezi 36, hapa sheria inampa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, zaidi ya hapo ni mkataba wake. Mwezi wangu wa kwanza kazini fundi mmoja alikuja asubuhi mkewe kajifungua usiku, nikamwandikia siku tatu kama kwetu, akashukuru akaondoka. Bosi wangu kuiona ile fomu akaniuliza hii umeitoa wapi, hapa baba anapata wiki mbili na mshahara wake kamili. Nilimpigia yule fundi palepale. Nikakuta ameshaanza kutafuta nauli ya kumleta mama mkwe kutoka Kitui maana siku tatu zisingemtosha. Lile lilinikaa moyoni, kwamba mtu anapanga maisha yake kwa kile ulichokiandika wewe kwenye karatasi.

Halafu kuna hili ambalo mimi hakuna aliyeniambia mapema. Kifungu cha 41 kinasema kabla hujamwachisha mtu kazi kwa kosa au kwa utendaji lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, na umsikilize anachosema. Lugha anayoielewa, imeandikwa hivyo. Nikiwa kwenye kiwanda kimoja, kijana wa mashine ya maboksi alikuja mezani kwangu na barua ya Kiingereza kurasa mbili, ameikunja mara nne mpaka mikunjo imeanza kuchanika, akaniuliza kwa sauti ya chini, dada, hapa wamenifuta ama wameniita? Ilikuwa ni barua ya kumtaka ajieleze, na muda wa kujibu unaisha jioni ileile. Siku tatu alikuwa nayo mfukoni anaona aibu kuuliza. Nikamsomea sentensi moja moja, akaeleza ya kwake kwa Kiswahili, nikaandika kama alivyosema, akaweka sahihi. Kwenye kikao ikaonekana ile mashine alishairipoti kwa msimamizi wa zamu kwamba ina hitilafu. Alibaki kazini. Tangu siku hiyo kila kikao cha nidhamu wakawa wananiita, na ndivyo nilivyotoka kwenye mafaili.

Kwa hiyo usifiche kwenye CV kwamba wewe ni Mtanzania. Uandike kabisa kwamba unaweza kuendesha kikao na kuandika muhtasari wake kwa Kiswahili fasaha. Mahakama ya kazi ikiona mtu hakusikilizwa inaweza kumpa fidia hadi mishahara ya miezi 12, na waajiri wanalijua hilo. Hukumu zake zipo hukohuko Kenya Law, soma mbili tatu kwa wiki, utajifunza kuliko kozi nyingi za mtandaoni.

Mwisho, hii taaluma hapa ina sheria yake ya 2012 na taasisi yake, IHRM, na ukitaka kuifanya kama mtaalamu utahitaji cheti chao cha kufanyia kazi. Mtihani unaitwa CHRP. Uingize kwenye mipango ya mwakani, sio ya wiki hii.

Dada yako, South B

---

Dada kamaliza, mimi naongeza la kibali. Mdogo wetu kama umeingia kwa pasi ya mtegemezi ya mume, hiyo haikuruhusu kuajiriwa. Atakayekuajiri ndiye akuombee kibali cha kazi kwenye mfumo wa uhamiaji wa eFNS. Ukiambiwa anza Jumatatu kibali tutashughulikia baadaye, kataa kwa heshima. Likiharibika anayeumia ni wewe, na mfukoni mwa mume pia.

Kaka, Umoja

---

Asanteni sana, nimelia kidogo kusoma ile ya barua iliyokunjwa. Hesabu ya 30,000 nimeipiga mara tatu PAYE inanitokea 1,500, kumbe nilikuwa napiga kwenye 30,000 yote bila kuondoa zile tatu kwanza. Sasa imekubali. Dada naomba kuuliza, hawa vibarua wanaopanga foleni getini asubuhi na kulipwa jioni, wao hawana likizo kabisa?

Mdogo wenu

---

Swali zuri sana hilo. Soma kifungu cha 37. Kibarua akishafanya mfululizo siku zikafika mwezi, sheria inamhesabu kama mtu wa mkataba wa mwezi, na akifikisha miezi miwili au zaidi anapata haki kama walizonazo wa mkataba, likizo ikiwemo. Ndio maana daftari la mahudhurio la getini lina thamani kuliko faili lolote la ofisini, na ndio maana kuna sehemu linapotea. Jumamosi saa nane njoo South B na daftari na kalamu, nikuonyeshe linavyojazwa mstari kwa mstari. Hilo la kibali ongea na shemeji leo usiku.