Baraza la madiwani likifika kwenye hoja za CAG, waandishi tunatolewa nje! Mpaka lini?

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe nikipayuka. Mimi ni korespondenti. Wilaya sitaitaja wala halmashauri sitaitaja, kwa sababu kazi bado nafanya hukohuko na nina watoto wa kusomesha. Ila aliyewahi kubeba kamera mkoa wowote wa nchi hii ataelewa, maana mchezo wenyewe una jina na sote tunalijua: kujigeuza kamati, yaani baraza la wazi linakuwa kikao cha faragha.

Iko hivi. Mwezi wa sita halmashauri huitisha baraza maalum la kujadili hoja za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, bodaboda mpaka stendi, kisha Hiace, nauli yangu mwenyewe, kwa sababu sisi tunalipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka hakuna hata ya soda. Saa tatu niko ukumbini. Madiwani wameingia na majoho yao, dua imesomwa, mgeni rasmi amekaribishwa na kusifiwa wee. Muda wote huo tunatakiwa. Afisa habari anatupanga kwa mkono wake: sogeeni mbele, mpateni Mheshimiwa vizuri, bendera ionekane. Tukapiga. Tukatoka nje tukapiga na makabidhiano ya pikipiki za maofisa ugani, tukarudi ndani.

Kabrasha la ukaguzi likafunguliwa. Hoja ya kwanza: fedha za ushuru zilizokusanywa kwa mashine za POS, zile za kutolea risiti, ambazo hazikuonekana benki. Msomaji hakufika sentensi ya tatu. Diwani mmoja kasimama, anaomba baraza lijigeuze kamati. Mwenzake kaunga mkono. Mwenyekiti kauliza wanaoafiki, wamesema ndiyo, imepita. Dakika moja haikufika. "Ndugu waandishi na wananchi, tunaomba mtupishe."

Benchi la nyuma walikuwepo wazee wawili wametoka kata ya mbali, wamekuja kusikia habari za zahanati yao ambayo kuta zimesimama na paa hakuna. Nao wakatolewa. Mmoja akamuuliza mgambo pale mlangoni, "Mwanangu, hizo hela si zetu?" Mgambo akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo swali la yule mzee halijanitoka.

Nisieleweke vibaya. Baraza likijadili nidhamu ya mtumishi, anatuhumiwa na bado hajathibitika, akasikilizwe faragha, sina ugomvi. Lakini hoja za CAG? Ripoti ile Rais anakabidhiwa mwisho wa Machi, Aprili inawekwa mezani bungeni, baada ya hapo mwenye bando anaipakua na kuisoma kitandani kwake. Kilichoandikwa humo si siri tena. Wanachoficha ni majibu yao. Hawataki wapiga kura waone diwani wao amekaa kimya, mkuu wa idara anatoa maelezo yasiyoeleweka, na mwenyekiti anamkatiza anayeuliza sana. Hicho ndicho tulichotolewa tusikione, na hicho ndicho mwananchi anachohitaji kabla hajapiga kura tena.

Tulikaa chini ya mwembe kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Walipotoka tukaambiwa taarifa tutarushiwa kwenye grupu. Saa moja usiku ikaingia WhatsApp: aya nne, na klipu ya dakika mbili iliyopigwa na kijana wa kamera wa Mheshimiwa mwenyewe, ambaye yeye hakutolewa. Baraza lapongeza usimamizi wa mapato! POS haimo. Zahanati haimo. Nikampigia afisa habari, akaniambia kama nina swali niandike barua. Najua maana yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa mpaka siku 30 za kujibu ombi. Gazeti gani litapokea stori ya baraza la mwezi uliopita?

Kesho yake kurasa tatu za mtandaoni zikatoa aya zilezile neno kwa neno, na klipu ileile. Nitarudi hapo.

Na wilayani wamejifunza wapi haya? Wamejifunza juu. Wenye umri wangu mnakumbuka Februari 2008, ripoti ya kamati teule ya Bunge chini ya Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, Waziri Mkuu Lowassa akasimama bungeni na kutangaza kujiuzulu, na nchi ikamwona kwenye runinga. Mnakumbuka Novemba 2014, sakata la fedha zilizochotwa akaunti ya Escrow ya Tegeta, watu tumejazana kwenye vibanda mpaka usiku tukifuatilia ripoti ya PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, chini ya Zitto Kabwe. Mama yangu hajawahi kushika gazeti maishani, lakini wiki ile alijua Escrow ni nini na nani kapata mgawo. Hakusimuliwa na mtu. Aliwasikia wenyewe wakibanana.

Halafu ikaja tarehe 27 Januari 2016, hata miezi mitatu tangu serikali mpya iapishwe haijatimia. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akatangaza Dodoma kwamba TBC, televisheni ya taifa, inaacha kurusha Bunge moja kwa moja. Gharama, tukaambiwa, bilioni 4.2 kwa mwaka, na tena mchana watu wako kazini. Wabunge wa upinzani wakapinga, askari wakaingizwa ukumbini kuwatoa. Tukabaki na kipindi cha usiku kilichokwisha kukatwa, na vituo binafsi vikaambiwa vichukue picha kutoka studio ya Bunge lenyewe. Anayehojiwa akawa ndiye anayechagua picha zake! Yule kijana wa kamera wa Mheshimiwa wa wilayani kwangu ni mtoto wa uamuzi ule.

Katiba inasema nini? Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake. Wakati wote. Haikusema mpaka hoja iwe tamu kwa Mheshimiwa.

Jirani zetu Uganda walikwenda mbele zaidi, wao walichagua chombo kwa jina. Oktoba 2025 Bunge lao liliwafungia mlango waandishi wa Nation Media Group, wakiwemo wa Daily Monitor na NTV Uganda, wengine wakaruhusiwa kuendelea. Huku kwetu wilayani hawaandiki barua ya kumzuia mtu. Wanakutoa kwenye grupu la mialiko. Unaamka unakuta tukio limeshapita na jina lako halimo kwenye orodha ya gari la msafara. Niliandika habari ya soko lililokwama, ikatoka Jumatano. Ijumaa nimeshatolewa. Nilirudishwa baada ya miezi minne, na nilirudishwa kwa kubembeleza. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nyinyi wenzangu. Tulipotolewa ukumbini tulikuwa saba. Kama saba tungesema leo hakuna picha ya Mheshimiwa wala ya pikipiki inayotoka, safari nyingine wangefikiri mara mbili kabla ya kutufungia mlango. Badala yake watatu walibaki wakisubiri bahasha ya nauli, usiku wakaitupa klipu ya Mheshimiwa hewani kama kazi yao. Njaa naijua, naishi nayo. Lakini mkiendelea kutoa kile mnachorushiwa, hakuna atakayehitaji kutuita ukumbini kabisa, watamlipa kijana mmoja wa kamera na basi.

Na inawezekana, tumeshaona. Machi 2017, baada ya mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, kuvamia studio za kituo cha redio na televisheni cha Clouds usiku akiwa na askari wenye silaha, Jukwaa la Wahariri na wadau wengine walitangaza hakuna kuandika habari zake. Kwa nini tuweze Dar kwa mkuu wa mkoa tushindwe wilayani kwa mwenyekiti wa halmashauri?

Wahariri nao mlioko mjini: tukiwapigia simu kwamba tumetolewa, msituambie tulete kilichopo. Andikeni kwamba tumetolewa. Hiyo ni habari. Andikeni hoja ilikuwa ipi, nani aliomba kamati, nani aliunga mkono. Majina ninayo yote na muda niliandika kwenye daftari.

Nimewatafuta wale wazee wawili, nimewapata. Baraza la robo ya nne ni mwezi wa nane. Watakuja, na wameniahidi kuja na wenzao wa kata nzima, maana benchi la nyuma ni la wananchi na sisi waandishi tutakaa nao hapohapo. Walioko mikoani, wekeni hapa chini: kwenu baraza la mwisho la hoja za CAG mliachwa ndani au mlitolewa, na ilikuwa hoja ipi?