Kupanda Morningside na watoto wadogo, nijihadhari na nini?

MamaJunior: Habari za humu wadau. Tunatoka Dar na wanangu, miaka 4 na 7, tupande Uluguru hadi lile jengo la Wajerumani, Morningside. Nyoka nawaogopa tayari. Kingine?

Mluguru_Halisi: Karibu Moro, dada. Nyoka wa kuchunga ni kifutu. Mara nyingi hakimbii akisikia vishindo, anajilalia njiani kama majani makavu. Mkubwa atangulie, wote viatu vya kufunika. Akigonga, msichanje wala kufunga kamba. Mguu utulie, mtoto abebwe hospitali haraka.

Ila kinacholiza watoto wa mjini ni upupu. Kiangazi maganda yake yanakauka, yana manyoya ya kahawia yanayong'aa, mazuri kweli, na kila mtoto anataka kuyashika. Hata upepo unayapeperusha hadi shingoni. Yakimpata asijikune! Bandika plasta, bandua, rudia, ndipo umwoshe na kumbadilisha nguo.

BabaNeema: Umesahau siafu. Wangu alisimama juu ya msafara wao akiangalia kinyonga, tukamvua suruali hadharani. Chomekeni suruali kwenye soksi.

MamaJunior: 😂 Asanteni. Vijitoni wanaweza kuchezea maji?

Mluguru_Halisi: Ukingoni tu, umewashika mikono. Mawe yana utelezi, na mvua ikipiga juu maji hushuka ghafla huku kwenu jua linawaka. Na beba kanga ya mgongoni, huyo wa miaka 4 hafiki kwa miguu yake.