Ndala zilizochakaa na makopo yenye kutu: picha zinatoka bapa, naomba ushauri

Mpwani_Picha: Wakuu, salaam. Napiga ndala, makopo ya rangi na miswaki inayotupwa ufukweni, nataka mfululizo wa kuchapisha A3. Kutu haionekani kuwa kutu, na picha zinafanana na za kuuzia bidhaa. Kamera megapikseli 24, lenzi 50mm, mwanga wa dirishani, chini nimetandika manila nyeupe.

FundiMwanga: Mkuu, bila shaka dirisha liko mgongoni kwako. Mwanga wa mbele unajaza kila kishimo. Liweke ubavuni, mwanga upite karibu sambamba na uso wa kitu, nyuzi 15 hadi 20 hivi, kila gamba la kutu litupe kivuli chake. Upande wa pili simamisha manila nyeupe ya kurudisha mwanga, ila isikaribie mno, itaua vivuli hivyo hivyo unavyovitafuta. Na taa ya chumbani zima: rangi mbili za mwanga hazinyooki kwa mpangilio mmoja wa rangi kwenye kamera.

Kandambili: Hiyo ya kufanana na tangazo inatokana na kamera kutazama kwa nyuzi 45. Shuka usawa wa kitu, au piga wima kutoka juu, na ukichagua moja ishike mfululizo wote. Mwaka 1972 mpiga picha Mmarekani Irving Penn alipiga vipisi vya sigara vilivyookotwa mitaani New York: mandhari tupu, kipisi kimejaza fremu, basi. MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ikavionyesha mwaka 1975. Manila ya chini iwe ya kijivu. Kwenye nyeupe, kingo za ndala iliyopauka zinapotea.

Mpwani_Picha: Asanteni. Niyaoshe kwanza? Na f, yaani tundu la lenzi, niweke ngapi?

Mama Stendi: Usioshe, mwanangu. Brashi laini, kavu, inatosha kutoa mchanga. Maji yanakoleza rangi kwa muda tu, tena yanaweka mng'aro juu ya kutu. Kopo lenye chumvi likilowa linazidi kuliwa, ukilirudia kesho si lile.

f/8 au f/11, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, stendi, taima ya sekunde 2. Usikimbilie f/22: mwanga ukibanwa kwenye tundu dogo unatawanyika, picha nzima inalainika. Kopo refu lipige mara 8 hadi 12 ukisogeza fokasi kidogo kidogo kutoka mbele kwenda nyuma, kisha uziunganishe kwenye programu. Kwa mswaki, 50mm ya kawaida haikaribii vya kutosha. Tafuta ringi za kurefusha lenzi, zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Zinakula mwanga, lakini una stendi.

FundiMwanga: Naongezea: piga RAW (faili ghafi ya kamera), na kwa kutu angalia histogramu, ule mchoro wa kiasi cha mwanga, ya rangi nyekundu peke yake. Ndiyo hujaa kwanza, na ikijaa, kutu inageuka doa la chungwa. Punguza mwanga theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu).

Kandambili: A3 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 ni pikseli 3508 × 4961. Picha ya kamera yako ni kama 4000 × 6000, kwa hiyo una nafasi ndogo ya kukata. Panga fremu kabla ya kubonyeza. Chapisha kwenye karatasi ya pamba isiyong'aa, gramu 300 kwa mita ya mraba. Inayong'aa itarudisha ule utangazaji unaoukimbia.