Ushauri: VPS mpya ya vCPU 4 na RAM GB 8 kwa dola 6, inaweza kubeba mfumo wa maduka?

Ngerengere:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, kichwa kimegoma. Kuna kampuni ya nje imezindua vifurushi vipya vya VPS (seva ya kukodi, kipande cha mashine kubwa yenye wapangaji wengi) mwezi uliopita, jina naliacha. Wanatoa vCPU (prosesa pepe) 4, RAM GB 8 na diski ya kasi ya NVMe GB 100 kwa dola 6 kwa mwezi. Seva yangu ya zamani ina vCPU 2 na RAM GB 4, nalipia dola 20. Ukisoma tangazo, nguvu ni mara mbili na bei haifiki hata theluthi. Nina mfumo mdogo wa mauzo na stoo. Swali langu ni moja tu: nipime nini ili nijue kifurushi kinafanya kazi kama kilivyotangazwa? Diski nimeipima kwa dd, ile amri ya kuandika faili kubwa, ikaniletea GB 1.9 kwa sekunde, nikafurahi. Ila kuna saa mfumo unajikokota. Wajuzi karibuni.

MkongoWaBaharini:
Mkuu unahangaika na prosesa wakati kinachokusumbua ni bahari. Seva ipo Ulaya, sivyo? Kila ombi la muuzaji wako linavuka maji kwenda na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mimi nilikaa karibu siku nzima natazama skrini nyeupe. Jirani yangu, seva yake ikiwa Dar, aliendelea kuuza kama kawaida. Tangu siku hiyo kazi za wateja wa hapa naziweka hapahapa, hata kama bei inauma. Rudisha seva nyumbani, yaishe.

Ngerengere:
Asante mkuu, lakini ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) kutoka Morogoro ni milisekunde 170, asubuhi na usiku ni ileile. Asubuhi mfumo unakimbia vizuri. Usiku ndiyo shida.

KoriMoja:
Hilo la usiku ungelianza nalo. Kwanza achana na dd. Inaandika sifuri mfululizo, na usipoizuia inaandikia RAM kabla ya diski, kwa hiyo hiyo GB 1.9 inaweza kuwa RAM yako inajisifu. Databesi inasoma vipande vidogo vilivyotawanyika. Tumia fio, programu ya kupima diski, vipande vya KB 4, kusoma na kuandika kwa mchanganyiko, na uweke direct=1 ili isipitie RAM. Pima alfajiri, mchana, na saa ambayo maduka yako yamejaa. Halafu fungua top, amri inayoonyesha prosesa inafanya nini, saa hiyohiyo, tazama herufi mbili za mwisho kwenye mstari wa prosesa: st. Ni asilimia ya muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi lakini prosesa halisi ilikuwa inahudumia wapangaji wengine. Sufuria yako ina maji na unga upo, ila mafiga yana sufuria ya jirani.
Kingine, kifurushi kikiwa kipya kila mtu anakisifu kwa sababu mashine bado tupu. Vipimo vya wiki ya kwanza vinapima nyumba kabla wapangaji hawajahamia.

KichekoChaMsamvu:
Dola 6! Msamvu hapa unakula chipsi kuku na soda, unashiba. Ukitaka vCPU 4 za peke yako kwa bei hiyo utashiba upepo.

BibiHesabu:
Mdogo wangu, samahani. Umeshalipa au bado?

Ngerengere:
Shikamoo dada. Tumalize vipimo kwanza. Fio alfajiri: IOPS (mara za kusoma na kuandika kwa sekunde) 41,000. Saa 2 usiku: 2,300. Kwenye top: us 38 na sy 9 (hizo ni kazi), id 41 (prosesa imepumzika), st 31. Niliwauliza, wakajibu ni msongamano wa uzinduzi, utatulia. Naona wana hoja, kila kitu kipya kina mwanzo wake.

BibiHesabu:
Marahaba. Sijajibiwa.

MkongoWaBaharini:
Tena seva ikiwa Dar na mtandao wa mteja ukiwa umeunganishwa TIX, kituo cha kubadilishana intaneti nchini, data haitoki nje ya nchi kabisa. Nasema hivi kwa sababu mwaka jana nilimfungia mzee mmoja wa Tegeta...

Mchunguzi_K:
Subirini wakuu. Hii chai. Ule mstari wa top ukiujumlisha hauwezi kuzidi 100, ni muda uleule umegawanywa. Sasa 38 na 9 na 41 na 31 ni 119. Akaunti ina siku mbili, jina la kampuni hataki kutaja, swali la dada analikwepa. Ama ni tangazo la kinyemela, kesho tutaletewa "suluhisho", ama anatuchezea. Nilishawahi kuhangaika usiku mzima na uzi wa namna hii kuhusu modemu, kumbe mtu alikuwa anauza modemu.

KichekoChaMsamvu:
Chai ina maziwa kabisa. Mleta uzi ongeza vitafunwa.

Ngerengere:
Mchunguzi umejumlisha sawa, kosa ni langu. Tatu za kwanza niliziandika mchana kwenye karatasi, st nikaichukua usiku. Huu ni mstari mmoja, nimeunakili sasa hivi: us 21.4, sy 6.1, id 37.2, wa 4.0 (kusubiri diski), st 31.3. Jumlisha.
Na niseme ukweli. Nimeshalipa. Siyo mwezi, ni miezi 36 kwa mpigo, dola 162, kwa sababu ya punguzo. Mfumo ni wa maduka ya dawa tisa, Morogoro, Kilosa na Ifakara, na sita nimeshayahamisha. Pesa ilitoka kwenye ada ambazo wenye maduka walinilipa kwa mwaka mzima. Jana nilikuwa dukani Kilosa. Mama kambeba mtoto ana homa, anasubiri dawa mseto. Muuzaji kabonyeza Hifadhi, duara likazunguka sekunde 11, likagoma. Akavuta daftari chini ya kaunta, akaandika kwa kalamu. Hakunilaumu hata kidogo. Usingizi ndiyo umekata tangu hapo.
Ila dola 162 ni zaidi ya laki nne, siwezi kuzitupa. Nafikiri nipande kifurushi cha vCPU 8, tatizo litaisha.

Mchunguzi_K:
Imefika 100.0. Nafuta neno chai, samahani ndugu yangu.

BibiHesabu:
Hiyo laki nne siyo yako, ndiyo maana inakuuma hivyo. Ada ya mwaka ni deni mpaka mwaka uishe, nimewaambia vijana wangu ofisini mara ngapi! Kama mfumo una majina ya wagonjwa na namba zao, jua pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ipo kazini tangu 1 Mei 2023, na kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Waambie wenye maduka leo, kabla hawajajua wenyewe.

KoriMoja:
Usipande vCPU 8. Foleni ni ya mashine nzima, ukiongeza sufuria mafiga hayaongezeki. Waombe wakuhamishie mashine nyingine, hilo ni bure. Lakini nijibu matatu: masharti yao ya kurudisha pesa ni siku ngapi? Seva ya zamani bado hai? Bekapu ziko wapi?

Ngerengere:
Siku 30, leo ni ya 26. Ya zamani inaisha tarehe 30. Bekapu zipo kwenye folda humohumo kwenye seva mpya, kila usiku saa 8.

KoriMoja:
Humohumo siyo bekapu. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la OVH kule Strasbourg liliungua, na waliokuwa na nakala ndani ya jengo lilelile walipoteza vyote. Shusha nakala sasa. Halafu lipia seva ya zamani mwezi mmoja, rudisha maduka sita, dai pesa yako kabla ya siku ya 30. Dola 20 ambayo saa 2 usiku inafanya kazi ni rahisi kuliko dola 6 inayomrudisha muuzaji kwenye daftari.

Ngerengere:
Nilikuwa nimeshawaandalia wateja ujumbe kwamba tumepata seva yenye nguvu zaidi... Haya. Ombi la kurudishiwa pesa nimelituma saa 4 na dakika 10. Databesi ya duka la Kilosa inashuka kwenye laptop, MB 340 kati ya 612. Umeme upo.

Mchunguzi_K:
Ikifika 612 usilale. Ifungue kwenye laptop, uhesabu mauzo ya jana kama yapo yote. Nipo macho.