Tupeane uzoefu: mliokwenda kufundisha Omani, mshahara ulibaki?

Bint Jang'ombe
Assalamu alaykum. Nimepata barua ya skuli moja ya binafsi Maskati, riali 350 kwa mwezi, Kiingereza darasa la nne hadi la sita. Jana niko Darajani nachagua samaki, nikakutana na mwalimu wangu wa zamani, akaniuliza moja tu: "Hizo 350 ni za kula au za kuweka?" Usingizi sikuupata. Alhamisi natakiwa nirejeshe saini. Nisaidieni.

Mzee wa Konde
Riali 1 ni dola 2.6, imefungwa hivyo tangu 1986. Una dola 910 mkononi, mwanangu. Mwalimu anayeanza kazi hapa kwetu hazioni. Nenda.

Um Salim
Ami, kwa heshima yako, hapo ndipo tulipopotea wengi. Mshahara tunauhesabu kwa shilingi, kumbe kula tutakula kwa riali.

Mwalimu wa Wete
Nilikuwa nimeazimia kutosema haya, lakini dada, usisaini kabla hujanisoma.

Mie niliitwa kwa riali 300, "nyumba italipiwa na skuli". Nyumba yenyewe ni chumba kimoja, walimu wanne, jiko moja la gesi, umeme tunachanga. Mwezi wa kwanza nikapewa bahasha, ndani 212. Ile karatasi ninayo mpaka leo: viza 40, tiketi 30, amana 18, kwa wino wa kijani. Hivyo hivyo miezi sita. Nyumbani natuma 120, maana nina watoto wawili na mama mgonjwa. Tukawa tunapima mchele kwa kikombe cha chai, vikombe viwili kwa siku, watu wanne.

Ikaja Juni, skuli ikafungwa. Kumbe mkataba ni wa miezi kumi! Julai na Agosti hakuna kitu. Iliandikwa kwenye ukurasa wa Kiarabu, mie nilisoma wa Kiingereza. Na joto la Julai kule, kiyoyozi kikizimwa kidogo tu hata ukuta ukiugusa una moto.

Agosti hiyo mama akafariki. Pasi yangu ya kusafiria imo kabatini kwa mhasibu, mhasibu yuko likizo kwao, ufunguo kaondoka nao. Nilikaa siku nne nabisha milango. Khitma ya mama nimeisikiliza kwa simu, nimekaa kwenye ngazi, kwa sababu chumbani mtandao haushiki.

Um Salim
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimelia.

Kijana wa Mkoani
Pole sana mwalimu. Ila mtu mzima, msomi, unatiaje saini karatasi usiyoielewa? Tuna masheikh wangapi Pemba wanaosoma Kiarabu kama maji?

Um Salim
Wewe kijana! Mtu anakusimulia alivyomkosa mama yake, unamtafutia kosa?

Kijana wa Mkoani
Simtafutii kosa, bi. Namsemea huyu dada wa Jang'ombe, ili yasimkute.

Mwalimu wa Wete
Mwacheni, kasema kweli. Ningempelekea hata imamu wa mtaani angenisomea bure.

Mkaazi wa Seeb
Mie nina mwaka wa tisa huku na sijuti. Dada, angalia mshahara wa msingi ni ngapi na posho ni ngapi. Kwa sheria ya kazi ya 2023, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliofanya kazi. Wakiandika msingi 200 na posho 150, siku ya kuondoka utahesabiwa kwa 200. Na pasi yako ni yako, mwajiri hana ruhusa ya kuishika bila ridhaa yako ya maandishi. Ukipewa karatasi ya ridhaa, usiitie saini.

Chumba kama hawakupi wao, wenye nyumba wengi wanataka hundi za miezi ya mbele. Uje na akiba ya miezi mitatu.

Mama Twins
Nenda na mumeo. Upweke ndio unaokula pesa, utamaliza mshahara kwenye simu.

Mzee wa Konde
Asimchukue mtu mwaka wa kwanza! Midomo miwili kwa 350?

Mama Twins
Ami, mume naye ana mikono.

Kijana wa Mkoani
Chukua dagaa wakavu kilo tano. Sichezi, mie ndugu yangu dagaa ndio waliomvusha huko.

Bint Jang'ombe
Nimesoma yote, Mwalimu wa Wete Mungu amrehemu mama. Nimeitoa barua sasa hivi kuitazama. Msingi 180, posho 170. Nyumba hawakuitaja. Ukurasa wa pili wote Kiarabu. Baada ya magharibi nampelekea ustadhi wa chuo chetu cha Kurani, na leo hii nawaandikia niwaulize habari ya Julai na Agosti.

Mkaazi wa Seeb
Wakujibu kwa maandishi. Ya simu usiyakubali.