ND8, ND64 au ND1000? Nataka maji ya Dunga na maporomoko ya Nabuyole

nyardunga (Kisumu)

Habarini wakuu. Kazi yangu ni kupiga harusi na mazishi hapa Kisumu, picha na video. Siku nisipokuwa kazini utanikuta ufuoni Dunga asubuhi na mapema.

Mwezi uliopita nilinunua filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi) ya kuzungusha kwa sababu niliambiwa hiyo moja inatosha kazi zote. Nikaenda nayo harusini. Saa saba mchana, jua la utosi, bustani haina hata mti. Nikaizungusha hadi karibu na mwisho, lenzi ikiwa milimita 18, yaani pana, na mbinguni pakatokea msalaba mweusi, X kabisa, juu ya vichwa vya maharusi. Kwenye kioo cha kamera sikuuona. Niliuona usiku nikihariri, na ni kile kipande mama anamkabidhi binti yake. Hakirudiwi. Nimelala nacho moyoni wiki nzima.

Sasa nataka kununua tena, na muuzaji ananisukumia ND1000. Lenzi zangu ni mbili, moja mdomo wa milimita 67, nyingine 77. Pesa niliyo nayo inatosha filta moja nzuri. Nataka maji laini pale Dunga mashua zikiwa zimetia nanga, nataka maporomoko ya Nabuyole nikienda kwa shangazi Webuye mwezi wa Desemba, na nataka video ya mchana apacha (tundu la lenzi) ikiwa wazi. Ninunue ipi?

mzee_wa_stendi (Nakuru)

Pole sana dada. Ule msalaba haukutoka mkononi mwako. Filta ya kuzungusha ni vioo viwili vya polaraiza, vioo vya kuchuja mng'ao, vilivyolaliana. Ukivifikisha mwisho wa nguvu zake vinaziba mwanga bila usawa, na lenzi ikiona pana zaidi, X inazidi kujitokeza. Usiitupe: kuanzia milimita 50 kwenda juu, na usipoifikisha mwisho, bado itakufaa.

ND1000 usianze nayo. Anza na maji yenyewe: unataka shata, mlango wa mwanga kwenye kamera, ikae wazi muda gani? Nambari ya ND ni mgawanyo tu. ND8 inapitisha sehemu moja kwa nane ya mwanga, yaani stopu 3, kila stopu ikikata mwanga nusu. ND64 ni stopu 6, ND1000 ni stopu 10. Tuseme uko Nabuyole, kumetanda mawingu, ISO 100 (wepesi wa kamera kuona mwanga), f/11 (ukubwa wa apacha), na bila filta kamera inakupa 1/60 ya sekunde. Ukifunga ND8 unapata kama 1/8. ND64, sekunde moja. ND1000, sekunde 16 au 17.

Nimesimama Nyahururu mara nyingi, pale Thomson's Falls, maji yanaanguka mita 74. Kwa 1/8 bado yanaonekana vipande vipande. Kwa sekunde moja yananyooka nyuzi nyuzi, kama katani iliyochanwa, na unaona kila mkondo ulikopita kwenye mwamba. Kwa sekunde 16 yamekuwa uji mweupe. Mimi napenda katani.

Mashua nazo hazitulii hata zikitia nanga. Ukiacha shata wazi sekunde 16, omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua, inatoka na ncha tatu na maandishi ya ubavuni yanayeyuka. Kwa sekunde moja, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, unaweza kuipata imetulia. ND1000 utaihitaji siku unayopiga vitu vilivyokita chini, mawe au nguzo za gati, na ziwa lote liwe kama kioo.

Video sasa. Jua likiwa wazi, ISO 100, f/16 inataka shata 1/100. Wewe kwa picha 25 kwa sekunde unataka 1/50, kwa hiyo ni f/22. Hesabu kurudi hadi f/2.8: 16, 11, 8, 5.6, 4, 2.8. Hatua sita, yaani stopu sita. Ni ileile ND64.

Nunua ND64 ya milimita 77, na ringi ya kupandisha kutoka 67 hadi 77. Ringi ni bei ndogo. Usinunue filta mbili kwa ajili ya midomo miwili.

webuye_kwetu (Bungoma)

Karibu kwetu dada. Naongeza la rangi. Ukiwa dukani, weka filta juu ya karatasi nyeupe, uiangalie karibu na mlango penye mwanga wa nje. Iwe kijivu. Ikielekea kahawia au zambarau, warudishie. Mto Nzoia mvua ikinyesha ni kahawia tupu, kwa hiyo pale Nabuyole kosa hilo linajificha. Litakuumbua kwenye shela la bibi harusi.

Beba pia kitambaa kikavu mfukoni, si ndani ya begi. Manyunyu yakitua kwenye kioo, tone moja ni doa kubwa kwenye picha. Na filta ikikwama, usiikamue kwa vidole, maana ringi inapinda kidogo na kuuma zaidi. Geuza lenzi, bonyeza uso wa filta kwenye soli ya patipati safi, kisha zungusha polepole. Mpira unashika ringi pande zote na inaachia. Yangu iliachia hivyo baada ya saa nzima ya kuhangaika.

mtoto_wa_isiukhu (Kakamega)

Kwa wanaopiga msituni kama mimi, ND64 ni giza mno. Chini ya miti natumia polaraiza ya kawaida, inakula stopu moja na nusu hivi, na inaondoa ule mng'ao mweupe kwenye majani na mawe yaliyolowa. Hiyo ND haiwezi kuondoa.

mzee_wa_stendi (Nakuru)

Kweli kabisa kijana. Dada, weka fokasi kwanza, izime isijirekebishe, ndipo ufunge filta.

nyardunga (Kisumu)

Asanteni sana. Nimenunua ND64 na ringi. Filta ya kwanza waliyonionyesha ilitoa zambarau kwenye karatasi, nikaikataa, ya pili ikawa kijivu safi. Leo saa moja na robo nilikuwa Dunga. Sekunde moja, f/11. Nimepiga 23, na tano mashua imetulia kabisa. Katika moja nyangenyange amesimama kwenye omo, hata kucha zinahesabika, na maji chini yake ni kama hariri.

Swali la mwisho: katikati ya video, jua likiingia mawinguni, mnafungua apacha au mnapandisha ISO?

mzee_wa_stendi (Nakuru)

ISO. Ukigusa apacha, nyuma ya maharusi panabadilika ukungu wake katikati ya kipande, na kila mtu ataona. Na hiyo ya nyangenyange tuwekee hapa tuione.