Waangalizi wa pwani Visiwa vya Solomon, 1942: nani alibeba redio, na ilichajiwa vipi?

Bint_Mkomani (Lamu)
Assalaam alaykum. Naandaa maonyesho ya wanafunzi wa sekondari kuhusu Visiwa vya Solomon, Bahari ya Pasifiki, vilipokaliwa na Wajapani, kuanzia Tulagi, makao ya serikali ya Kiingereza, ilipotekwa Mei 1942. Kila maelezo ninayoyapata kuhusu waangalizi wa pwani, yaani watu waliojificha nyuma ya adui wakiripoti meli na ndege zake kwa redio, yana Mzungu mmoja na redio yake mlimani, kisha basi. Mimi nataka kazi ya wanakijiji. Redio ilikuwa nzito kiasi gani, umeme ulitoka wapi msituni, na raia asiye na bunduki alifanya nini hasa? Na mambo yalikuwa yakiharibikia wapi?

FundiMawimbi (Malindi)
Wa alaykum salaam dada. Redio yenyewe ni Teleradio 3BZ ya Australia. Usiifikirie kama redio ya mkononi ya askari wa leo. Kulikuwa na mashine ya kutuma, ya kupokea, spika, betri za maji, na injini ya petroli ya kuchajia ambayo peke yake ilikuwa takriban kilo 32. Kuhamisha vyote kulitaka wapagazi 12 hadi 16. Kwa sauti ilifika kama kilomita 640, kwa alama za Morse (nukta na mistari) kama 960.

Sasa hesabu mwenyewe. Doria ikikaribia kambi, Mzungu mmoja hawezi kukimbia na mzigo huo. Wapagazi wakigoma, au mmoja akienda kusema, hakuna redio.

Shida kubwa ilikuwa betri na injini. Betri ya maji haitaki kulazwa: asidi ikimwagika hula ngozi na nguo, na sahani zikibaki wazi zinakufa. Ukiiacha tupu kwa muda mrefu sahani huota ganda la salfa, na baada ya hapo hata uichaji mchana kutwa haishiki. Kwa hiyo lazima injini iwashwe mara kwa mara, na injini inanguruma, na petroli haioti msituni. Kila debe lilifika juu kwa mabega ya mtu. Ukiniuliza mimi, debe la petroli lilikuwa muhimu kuliko bunduki.

Antena nayo: walikuwa na masafa ya pamoja ya megahezi 6. Nusu wimbi hapo ni karibu mita 24 za waya, juu, kati ya miti miwili. Ndiyo maana walipenda migongo ya vilima, ambako pia ndege na meli zinaonekana. Ujumbe wa kawaida waliufumba kwa msimbo wa Playfair, lakini ndege za mabomu zikipita walitangaza wazi, maana kufumba kunakula dakika. Kutoka kusini mwa kisiwa cha Bougainville hadi kisiwa cha Guadalcanal, walikokuwa Wamarekani, ndege za Kijapani zilichukua kama saa mbili. Muda huo uliwatosha marubani wa Marekani kupanda juu na kuwasubiri.

Kafi_na_Tanga (Shela)
Fundi kaeleza mashine, mimi niongeze macho. Guadalcanal, afisa Martin Clemens alikuwa na vijana walioingia kwa Wajapani pale Lunga kama vibarua, uwanja wa ndege ulipokuwa ukijengwa. Mchana wanabeba mizigo, kisha habari inapanda mlimani: mizinga mingapi, inatazama wapi, imefunikwa na nini. Taarifa ya "askari wengi sana" haina faida kwa mtu yeyote. Inatakiwa idadi, mahali na saa.

Hatari ilikuwa kukutwa na kitu mwilini. Jacob Vouza, sajini mstaafu wa polisi, alikamatwa na Wajapani Agosti 1942 akiwa na bendera ndogo ya Marekani. Alifungwa mtini, akachomwa visu vya bunduki na kuachwa afe. Alizitafuna kamba, akafika kwa Wamarekani na habari za kikosi kilichokuwa kinakuja.

Upande wa bahari ni mitumbwi na makafi, kama tunavyojua wenyewe. PT-109, boti ndogo ya kivita ya Marekani iliyoongozwa na John Kennedy (aliyekuja kuwa rais), ilipokatwa na manowari ya Kijapani tarehe 2 Agosti 1943, wenyeji wawili, Biuku Gasa na Eroni Kumana, ndio waliowaona manusura. Karatasi haikuwapo ya kutosha, hivyo Gasa akamwambia Kumana apande mnazi, na Kennedy akachora ujumbe kwa kisu kwenye kumbi la nazi. Wakapiga kafi kama kilomita 60 hadi kambi ya Wamarekani Rendova, katikati ya maji ya adui. Baadaye Kennedy alisafirishwa amelazwa mtumbwini chini ya makuti. Ndege za Kijapani zikapita juu, na mpiga kafi mmoja, Benjamin Kevu, akasimama na kuzipungia mkono.

Mdadisi_Kilifi
Naomba msiipake sukari. Kuna Kennedy mwingine, Donald, afisa kutoka New Zealand aliyekuwa Segi, New Georgia. Sheria yake ilikuwa kwamba doria ikisogea karibu mno na Segi, asirudi hata mmoja kusimulia. Ilifanya kazi, ila pia aliwachapa viboko watu wake mwenyewe.

Na Bougainville mambo yalivunjika. Wajapani walikaa, wakalipiza vijijini, na Wamarekani hawakuonekana. Sehemu ya wenyeji wakahamia upande wa pili na kuwaongoza Wajapani njiani. Si usaliti wa ajabu huo. Kijiji kilichoona mashamba yake yakiteketezwa kinahesabu. Waangalizi wa pale, Jack Read na Paul Mason, wakatolewa kwa nyambizi Julai 1943, hawakuwa tena na kijiji cha kuwaficha.

Bint_Mkomani (Lamu)
Ahsanteni sana. Fundi, nikitaka wanafunzi wauhisi mzigo wenyewe nifanyeje?

FundiMawimbi (Malindi)
Chukua sanduku la mbao, tia mchanga hadi kilo 32, lifunge kwenye boriti la mkandaa kati ya vijana wawili, wapande nalo ngazi za orofa mbili bila kuliweka chini. Funga kamba katikati na mwisho, la sivyo sanduku linateleza kwa aliye nyuma wakati wa kupanda. Kwa betri tumia ndoo iliyojaa maji bila kifuniko. Atakayemwaga, redio yake imekufa. Betri halisi yenye asidi usiiingize ukumbini.